Somo: Kufuatilia ukoo kupitia sensa na daftari za zamani

Wengi wanaoanza kutafuta nasaba yao humkimbilia yule babu wa mbali anayesimuliwa nyumbani: aliyevuka bahari, aliyepigana vita, aliyebadili jina. Wanaandika jina lake, linatokea linalofanana nalo, wanaliweka kwenye mchoro wa ukoo, na kuanzia hapo wanafuatilia ukoo wa watu wengine. Nimeona michoro ya vizazi kumi iliyosimama juu ya kosa la kizazi cha tatu. Inauma, maana mtu ametoa miaka yake humo.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili: karatasi haijui kitu. Nyuma ya kila maandishi kuna mtu aliyesema na mtu aliyesikia akaandika. Ukipata jina, tarehe au umri, jiulize nani alisema, na yeye alijuaje.

Hatua ya 1: Anza na wewe mwenyewe

Andika jina lako, la wazazi wako, kisha la babu na bibi wa pande zote mbili. Kila kiungo kati ya mzazi na mtoto kiwe na ushahidi wake: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo, daftari la ubatizo, wosia. Pasipo na ushahidi weka alama ya kuuliza, tena kubwa, usije ukaisahau mwakani. Usivuke kizazi hata kama cha mbele yake unadhani unakijua.

Hatua ya 2: Wahoji wazee mapema

Daftari zitakungoja, wazee hawatakungoja. Ukienda kwa mzee usiulize "Babu yako alizaliwa mwaka gani?" Uliza alikuwa anakaa na nani, nani alimlea, nani alikuja kwenye mazishi, alikuwa anaitwaje na rafiki zake. Picha za zamani zisaidie: mpe moja mkononi, kaa kimya, umwache aongee. Majina ya utani yaandike yote, kwa sababu mara nyingi ndiyo yaliyoingia kwenye sensa.

Hatua ya 3: Jua sensa zipi zipo na zipi bado zimefungwa

Sensa zenye majina hufungwa kwa muda ili kulinda faragha ya walio hai. Marekani hufungua baada ya miaka 72, ndiyo maana ya mwaka 1950 ilitoka Aprili 2022. Ya Uingereza na Wales hukaa miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Itakayofuata huko ni ya 1951, kwa kuwa ile ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na mwaka 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa kwa sehemu na daftari la wakazi lililoandikwa Septemba 1939. Marekani nako sehemu kubwa sana ya sensa ya 1890 ilipotea kwa moto wa 1921. Kwa Ireland, sensa kamili za kabla ya 1922 zilizosalia ni za 1901 na 1911, na zote mbili zinasomwa bure kwenye tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa hilo.

Naeleza haya kwa sababu mtu akikosa jina la babu yake hudhani babu hakuwepo, kumbe daftari lenyewe ndilo halipo.

Tovuti ya kuanzia ni FamilySearch. Ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hailipishwi, na kazi yake ilianza mwaka 1894. Ina picha za daftari kutoka nchi nyingi sana. Tumia faharasa yake, yaani orodha ya majina ya kutafutia, kupata ukurasa, kisha fungua picha yenyewe usome kwa macho yako. Faharasa imetengenezwa na mtu au kompyuta iliyosoma mwandiko mgumu, kwa hiyo ina makosa yake juu ya makosa ya karani.

Hatua ya 4: Soma kaya nzima

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo twende taratibu. Chukua kaya hii ya mfano, niliyoitunga kwa muundo wa sensa ya Uingereza ya 1851, ambayo iliandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na parokia aliyozaliwa:

Thomas, mkuu wa kaya, ameoa, miaka 41.
Ann, mke, miaka 27.
William, mwana, miaka 15.
Sarah, binti, miaka 13.
James, mwana, miaka 2.
Elizabeth Marsh, mama mkwe, mjane, miaka 60.

Mwenye haraka ataandika: Thomas na Ann, watoto watatu. Lakini hesabu umri. Ann akiwa na 27, William asingeweza kuwa wake; angemzaa akiwa na miaka 12. Kati ya Sarah na James kuna pengo la miaka 11. Yaelekea Thomas alikuwa na mke wa kwanza aliyefariki, na Ann ni mama wa kambo wa wale wakubwa wawili. Kumbuka safu ya uhusiano kwenye sensa inaonyesha uhusiano na mkuu wa kaya tu. "Mwana" maana yake ni mwana wa Thomas, haimtaji mama.

Kisha mtazame mama mkwe. Yaelekea ni mama wa Ann, na anaitwa Marsh. Huenda basi jina la ukoo la Ann kabla ya kuolewa lilikuwa Marsh, na sasa una jina la kutafuta kwenye daftari la ndoa. Nasema huenda, kwa sababu mjane huyo anaweza kuwa aliolewa mara ya pili. Tena katika Kiingereza cha zamani neno hilohilo la mama mkwe lilitumika pia kwa mama wa kambo. Ukimsahau bibi wa mstari wa mwisho, umepoteza ukoo mzima wa upande wa Ann.

Sasa kazi yako imepata mwelekeo: tafuta kifo cha mke wa kwanza kati ya kuzaliwa kwa Sarah na kuzaliwa kwa James, na ndoa ya pili ya Thomas ndani ya muda huohuo. Yote hayo yametoka kwenye mistari sita.

Angalia pia majirani, kurasa mbili juu na mbili chini. Ndugu walikaa karibu karibu, na mara nyingi mke alitoka nyumba ya tatu.

Hatua ya 5: Pima umri na tarehe

Sensa ya Uingereza ya 1841 iliwaelekeza makarani washushe umri wa waliozidi miaka 15 hadi kwenye tano ya karibu. Mtu wa miaka 59 aliandikwa 55. Si kila karani alifuata, lakini ukikuta mji mzima una watu wa 25, 30, 35 na 40, umeshajua sababu. Kwenye sensa ya Marekani ya 1940 kuna kitu ninachokipenda sana: alama ya X ndani ya duara mbele ya jina la aliyejibu maswali. Kwa mara moja karatasi inakuambia nani alisema. Ikiwa ni mke, tarehe za upande wake zina uzito. Ikiwa aliyejibu si mtu wa nyumba hiyo, shusha imani yako.

Kwa daftari za kabla ya 1752 huko Uingereza, mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Februari 1720 alikuja baada ya yule wa Desemba 1720. Wengi wameona ndoa ya Novemba 1720 na ubatizo wa Februari 1720 wakamdhania mtoto kuwa wa nje ya ndoa.

Hatua ya 6: Thibitisha kwa chanzo kingine

Sensa peke yake haitoshi. Daftari za parokia za Uingereza zilianza kwa amri ya 1538. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza mwaka 1563 ubatizo na ndoa viandikwe. Usajili wa serikali ulianza Uingereza na Wales mwaka 1837 na Scotland mwaka 1855. Cheti cha kifo cha Scotland kimeundwa kuwataja wazazi wote wawili wa marehemu, jambo ambalo cha Uingereza cha nyakati hizo hakifanyi. Usipuuze wosia: mtu hugawa mali kwa watu anaowajua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo limeeleweka. Nimemtafuta babu kwa jina lake kamili sioni kitu, na nina uhakika mwaka huo alikuwepo. Nifanyeje?

Jibu: Acha jina la ukoo. Tafuta kwa jina la kwanza, umri wa kukadiria na mahali pa kuzaliwa. Likishindikana, mtafute mtoto wake mwenye jina la nadra kuliko wote. Karani aliandika alichosikia, kwa hiyo tamka jina kwa sauti kisha uliandike kwa njia tano tofauti. Tovuti nyingi hukubali alama ya nyota badala ya herufi usizokuwa na uhakika nazo.

Swali: Nyumbani wanasema jina letu lilibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji New York. Kuna rekodi ya mabadiliko hayo?

Jibu: Usiitafute, ndugu yangu. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 1892, na maofisa wake walifanya kazi wakiwa na orodha ya abiria iliyoandaliwa na kampuni ya meli kule safari ilikoanzia. Majina mengi yalibadilika baadaye, wenyewe walipotafuta kazi au uraia. Mtafute kwenye orodha ya abiria kwa tahajia ya alikotoka, kisha kwenye maombi ya uraia.

Swali: Mababu zangu walikuwa watumwa Marekani. Nikifika 1870 naona ukuta. Kuna njia?

Jibu: Ipo, japo ni nyembamba. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, kwa kawaida bila majina yao wenyewe. Ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wote kwa majina. Kabla ya kuruka ukuta, zimalize rekodi za Freedmen's Bureau, idara ya serikali ya kuwasaidia walioachwa huru, iliyoundwa mwaka 1865, na za benki ya Freedman's Savings, iliyofungwa 1874. Daftari za wateja wa benki hiyo mara nyingi zilitaja wazazi na ndugu, hata waliouzwa mbali. Ukipata jina la mmiliki, hamia kwenye wosia na orodha za mirathi yake, maana humo watu waliandikwa kwa majina kama mali. Kuzisoma ni kuzito. Nenda taratibu, na usisome peke yako ukiweza.

Swali: Kwa nini nisipime vinasaba tu nikamaliza?

Jibu: Kipimo kinaonyesha kiasi mnachochangia, hakisemi mnahusianaje. Babu na mjukuu huchangia takriban asilimia 25, mjomba na mpwa hivyohivyo, ndugu wa mzazi mmoja hivyohivyo. Karatasi ndiyo itakayoamua. Kumbuka pia matokeo yako yanafichua na ya ndugu zako, kwa hiyo zungumzeni kwanza.

Swali: Nikitafsiri rekodi kwa ajili ya wanangu, neno la Kiingereza la ndugu wa mzazi niliweke vipi?

Jibu: Swali zuri sana. Neno lao moja, "uncle", linabeba baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Ukichagua moja bila ushahidi umeshaamua upande wa ukoo. Andika "ndugu wa kiume wa baba au mama, haijajulikana" mpaka upate uhakika.

Swali: Upande wa bibi hakuna karatasi yoyote, ni masimulizi tu. Tuna tumaini?

Jibu: Mnalo. Makarani wa sensa wenyewe, walipokutana na watu wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa, walitumia orodha ya matukio: vita, njaa, nzige, mafuriko. Fanya hivyo. Kupatwa kwa jua kunafaa kuliko yote, kwani tarehe zake zinahesabika kwa usahihi kurudi nyuma karne nyingi. Bibi akitaja tukio, muulize siku ile alikuwa amebebwa mgongoni, anatembea mwenyewe, au tayari alikuwa amembeba mwingine.