Kuwasha na Kuendesha Harley WLA ya Vita Kwenye Baridi Kali: Hatua kwa Hatua

Rafiki yangu mmoja hapa Minnesota amenunua Harley WLA, ile pikipiki ya jeshi la Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, na anataka kuiendesha sasa hivi, kabla theluji haijayeyuka. Tumeshinda naye gereji, na maswali yake ni yale yale ninayoulizwa kila mwaka ikifika Desemba. Nayaandika yote hapa. Atakayenipigia simu tena nitamtumia huu mwongozo, tuokoe vocha.

Nachukulia kwamba chombo chako ni kizima: plagi zinatoa cheche, pointi zimesetiwa, breki zinashika, na kiangazi ulikuwa unakiendesha bila shida. Kama sivyo, malizana na hayo kwanza.

WLA ina injini ya V yenye silinda mbili, cc 739, vali za ubavuni, nguvu za farasi 23 hivi. Umeme wake ni volti 6. Giya ni tatu, unaziingiza kwa mkono wa kushoto ubavuni mwa tangi, na klachi iko mguuni. Uzito ni kama kilo 245, kwa hiyo ikikulalia kwenye barafu utaita majirani. Ukijumlisha na WLC walizopewa Wakanada, kiwanda kilitoa zaidi ya 90,000 kwa ajili ya vita. Maelfu kwa maelfu zilipelekwa Umoja wa Kisovieti kwa mpango wa Lend-Lease, ule wa Marekani wa kuwapa washirika wake vifaa vya vita. Baadhi Wasovieti walizifunga vigari vya ubavuni walivyotoa kwenye pikipiki zao za M-72, wakaendelea na kazi. Mtu akikuambia mashine hii haiwezi baridi, muulize Urusi huwa kuna joto lini.

(Na usihangaike na mwaka kwenye kadi. Zilizotengenezwa 1942 mpaka 1945 zote zina namba inayoanza na 42WLA. Mwenye kadi ya 1944 hajatapeliwa.)

Hatua ya 1: Betri ilale ndani

Itoe jioni, ilale ndani ya nyumba, iwe kwenye chaja ya volti 6. Betri iliyojaa haigandi hata kwenye baridi ya Alaska. Iliyoisha chaji inaganda kwenye nyuzi 7 hadi 10 chini ya sifuri, inapasuka, na asidi inamwagikia chuma.

Hatua ya 2: Petroli

Nunua isiyo na ethanoli. Minnesota petroli ya kawaida ina ethanoli, ila sheria inaruhusu vituo viuze isiyo nayo kwa ajili ya pikipiki, boti na magari ya zamani. Ethanoli inavuta maji, na maji yanaganda chini ya bakuli la kabureta. Isitoshe, ikiwa kabureta yako ya Linkert M-88 bado ina boya la asili la gome jepesi, lile la vizibo vya chupa, ethanoli inakula vanishi yake. Boya likinywa petroli linazama na kabureta inafurika. Nunua boya la kisasa, usiwasikilize wanaotaka kila kitu kiwe cha 1942.

Jeti kuu ya M-88 haina marekebisho. Unachoweza kugusa ni sindano ya mwendo mdogo tu. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo ifungue sindano kidogo, robo mzunguko au pungufu, na uandike mahali ilipokuwa ili kiangazi uirudishe.

Hatua ya 3: Oili

Hapa usiwe na haraka. Injini nyingi za WLA zinazokufa majira ya baridi hufia hapa, na kinachoziua si baridi yenyewe. Ni safari fupi.

Sababu ni hii. Petroli ikiungua inatoa maji, na si kidogo: lita moja ya petroli inazaa karibu lita moja ya maji. Mengi yanatoka kwenye bomba kama mvuke, ule moshi mweupe unaouona asubuhi. Sehemu yake inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye tumbo la injini. Injini ikiwa moto sawasawa, mvuke huo unatoka wenyewe kwenye kipumulio. Injini ikiwa baridi, unageuka kuwa maji humo humo na kuchanganyika na oili. Pampu inairudisha oili kwenye tangi pamoja na maji yake. Usiku maji yanazama chini ya tangi, na chini ya tangi ndipo lilipo tundu la bomba linalopeleka oili kwenye injini.

Nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Unadhani maji hayo yatafanya nini?

Yanaganda, yanaziba bomba, na asubuhi unawasha injini isiyopata oili hata tone. Inaunguruma vizuri kabisa kwa muda, ndiyo maana watu hawashtuki. Baadaye unasikia mlio wa chuma kwa chuma, na hapo bei ya matengenezo ni karibu na bei ya injini.

Kwa hiyo, yule anayeiwasha kila Jumamosi dakika kumi “ili isikae bure” ndiye anayeiharibu. Afadhali uifunike mpaka Aprili usiiguse kabisa.

Dalili za maji ni hizi. Fungua kifuniko cha oili. Upande mmoja wa tangi la WLA ni petroli, mwingine ni oili, usije ukakosea. Tazama chini ya kifuniko: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yapo. Chovya kijiti mpaka chini. Kikitoka na tope la kijivu, usiwashe. Mwaga oili yote, suuza tangi kwa mafuta ya taa, mwaga tena, acha likauke, ndipo uweke mpya. Kumwaga ya juu ukaacha tope chini hakusaidii kitu.

Kuna tatizo la pili, na watu hulichanganya na hilo la kwanza. Tangi la oili liko juu ya injini. Kinachozuia oili isishuke yenyewe usiku ni valvu ndogo yenye goroli na springi. Kiti cha goroli kikilika au kikishika uchafu, oili inateremka polepole na kujaa tumboni. Asubuhi kiki inakuwa nzito kupita kiasi, na mwenye pikipiki anasema “baridi imeigandisha oili”. Kumbe tumbo limejaa. Ukiilazimisha ikawaka, itatema oili kila mahali na kutoa moshi mpaka jirani aite zimamoto. Kutofautisha ni rahisi: pima kiwango cha oili jioni, pima tena asubuhi. Kama kimeshuka na chini sakafuni ni pakavu, oili iko tumboni. Itoe kwenye nati ya chini ya injini, uipime, uirudishe kwenye tangi ikiwa safi, na ukipata nafasi tengeneza kiti cha goroli. Usiongeze oili mpya juu kabla hujatoa ya chini.

Sasa njia yangu, ambayo wenzangu wengi hapa wanaicheka mpaka siku wanapoijaribu. Ukirudi safari, injini ikiwa bado moto, mwaga oili yote kwenye dumu safi la chuma lenye mfuniko. Ingia nalo ndani. Asubuhi maji yakiwepo utayaona yametulia chini ya dumu, unamimina ya juu taratibu na kuyaacha. Weka dumu karibu na hita (karibu, si juu yake) mpaka oili iwe vuguvugu, kisha uirudishe kwenye tangi dakika chache kabla ya kuwasha. Marubani wa Alaska walifanya hivi hivi kwa ndege zao ndogo enzi hizo. Kwa kazi moja umemaliza maji, umemaliza ile ya kushuka usiku, na oili inaingia nyepesi.

Tahadhari zake ni tatu. Moja, bomba la oili litakuwa na hewa. Legeza nati ya bomba pale linapoingia kwenye pampu, subiri oili itoke bila mapovu, kaza. Mbili, dumu liandike kwa herufi kubwa na uliweke mbali na watoto, na mbali na mama mwenye nyumba pia, maana harufu itazua kesi. Tatu, tundika karatasi kwenye usukani: HAINA OILI. Akija mtu kuipiga kiki kwa kutaka sifa, aione kwanza.

Uzito wa oili: kiangazi mimi hutumia SAE 50, majira ya baridi SAE 30 (namba ndogo ni oili nyepesi). Za kisasa zenye namba mbili zinafaa pia, sina ugomvi nazo. Dawa za kuongezea kwenye oili sizitaki hata za bure.

Kuhusu kupasha injini joto: hita za sumaku zinazouzwa kwa ajili ya magari hazishiki hapa, kwa sababu tumbo la injini ni alumini. Tumia feni ya hewa moto chini ya injini, na blanketi juu, nusu saa. Moto wa kuni au jiko usithubutu. Madereva wa malori kule mstari wa mbele wa vita Urusi waliwasha moto chini ya injini kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Wewe unayo.

Hatua ya 4: Kiki

Kwanza bandua sahani za klachi, maana baridi huzigandisha pamoja. Swichi ikiwa imezimwa, kanyaga klachi kwa kisigino (kisigino chini ni kuachia, vidole chini ni kushika), piga kiki mara kadhaa. Utasikia imelegea. Kisha rudisha vidole chini. Wengi husahau hapo, wanapiga kiki nusu saa na injini haizunguki, kwa sababu kiki ya Harley inapitia klachi.

Giya iwe huru, kati ya namba moja na mbili. Choki funga kabisa, mkono wa mafuta (ule wa kuongeza mwendo) wazi kabisa, swichi imezimwa bado. Piga kiki mbili au tatu za kuvuta petroli. Sasa rudisha choki kidogo, robo ya safari yake ukiwa chini ya nyuzi 10 hasi, nusu kama ni nafuu. Funga mafuta, halafu yafungue kidogo sana. Mkono wa kushoto ni wa cheche, yaani unawahisha au kuchelewesha cheche ya plagi: mimi huirudisha nyuma kidogo ili kiki isinipige kifundoni, na injini ikishawaka tu naisogeza mbele yote. Washa swichi. Piga kwa uzito wa mwili, si kwa nguvu za paja.

Ikiwaka, macho yako yawe kwenye taa ya oili. Isipozimika ndani ya sekunde chache, zima injini. Usiipe nafasi ya pili, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Barabarani

Usiiache ikiunguruma stendi. Dakika moja au mbili, ikishaweza kutulia bila choki nyingi, ondoka. Nenda taratibu mwanzoni, lakini nenda mbali: chini ya dakika 40 usitoke.

Mkono wa mafuta wa WLA haurudi wenyewe. Ukiuacha wazi unabaki wazi. Na grisi ya zamani iliyo ndani yake inakuwa kama nta kwenye baridi, ndipo unapotaka kufunga mafuta kwenye kona na mkono unakataa. Fungua mikono yote miwili kabla ya majira kuanza, osha grisi yote, weka oili nyepesi.

Breki ya mbele iko mkono wa kushoto, na giya nazo ni mkono huo huo. Huwezi kuvifanya vyote kwa wakati mmoja, kwa hiyo panga mapema: punguza mwendo kwa injini, teremsha giya, malizia na breki ya nyuma. Kwenye barafu breki ya mbele isahau. Klachi, kwa bahati nzuri, inabaki pale ulipoiacha. Ukisimama, bonyeza kisigino, kisha mguu wa kushoto uko huru kushuka chini.

Kama una uwezo, funga kigari cha ubavuni. Magurudumu mawili kwenye barafu ni ubishi tu.

Hatua ya 6: Nguo

Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri ukienda kilomita 50 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi 22 chini. Kioo cha mbele na ngao za miguu vina maana kuliko koti la bei. Glovu zisizotenganisha vidole ndizo zenye joto, na kwenye WLA zinawezekana kwa kuwa hakuna klachi ya mkononi.

Hatua ya 7: Ukirudi

Kwanza funga koki ya petroli, na uache injini imalizie petroli iliyobaki kwenye bakuli, ndipo uzime. Halafu mwaga oili, ikiwa bado moto. Kisha chumvi ya barabarani: maji ya vuguvugu, bila presha, hasa kwenye springi za fok ya mbele na nyuma ya rimu. Kausha, pitisha kitambaa chenye oili, paka cheni. Betri ndani.