Jezi ya Kombaini ya Amu: Mbele ni ya Wote, Mgongo ni wa Mchezaji

Timu ya mtaa haina taabu ya jezi, kwa kuwa kila mtu anajua rangi zao tangu utotoni. Taabu huanza vijana wa mitaa na vijiji vya Amu (Lamu), yaani Mkomani, Langoni, Shela na Matondoni, wanapochaguliwa timu moja, kombaini, ya kwenda kucheza Malindi. Juzi walikuwa mahasimu, leo wanavaa nguo moja. Timu za taifa huishi na jambo hilo kila mwaka, na namna zinavyolitatua inamfaa sana mtu mwenye jezi 20 za kushonesha na fedha za kuhesabu.

Anza na rangi, na usiichukue ya mtaa wowote. Hata rangi za bendera si lazima. Italia huvaa buluu ambayo haimo katika bendera yao. Ni rangi ya ukoo wa kifalme wa Savoy. Uholanzi huvaa chungwa kwa sababu ya ukoo wao wa kifalme wa Orange. Brazil walivaa nyeupe hadi baada ya kufungwa na Uruguay mwaka 1950, kisha likafanywa shindano la kubuni jezi mpya. Kijana Aldyr Garcia Schlee akashinda kwa fulana ya manjano yenye ukingo wa kijani, bukta ya buluu na soksi nyeupe. Leo nani anakumbuka ile nyeupe? Rangi mpya hupendwa ikiwa haikumnyima mtu yake.

Ukishapata rangi mbili unazozitaka, zipime kabla hujalipa. Tandika kipande cha kitambaa ukutani, bandika juu yake namba ya karatasi, rudi nyuma hatua 30, piga picha kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Namba ikipotea pichani, refa naye hataiona jioni jua likiwa usoni. Nyekundu juu ya kijani hupotea karibu kila mara, maana ukali wake ni mmoja. Itazame bendera ya Kenya: ile mistari myembamba myeupe, mbali na maana yake ya amani, ndiyo inayoitenga nyekundu na nyeusi na kijani. Fanya vivyo hivyo: zungushia namba ukingo mweupe wa milimita 5. Ujue pia kwamba buluu ya giza na nyeusi huchora ramani ya chumvi ya jasho kabla ya mapumziko.

Rangi ya pili si anasa. Kombe la Dunia la 1978, Ufaransa na Hungaria walifika uwanjani Mar del Plata wote na jezi nyeupe. Mchezo ukachelewa mpaka Ufaransa wakaazima jezi za mistari ya kijani na nyeupe za klabu ya hapo, Kimberley. Kama fedha hazitoshi seti mbili, shonesha vizibao 11 vya rangi ya kinyume, vyenye namba. Golikipa naye awe na rangi yake, isiyofanana na ya timu yoyote wala ya refa.

Sasa kifua. Hapa pasiwe na jambo la mtu mmoja. Nembo moja, upande wa moyo, upana sentimita 7 hadi 8. Jahazi limeshachorwa na kila mtu. Ukitaka kitu chenye uzito, tazama nakshi za milango au kushona kwa kofia. Chukua ua moja la nakshi, lirudie kama utepe kwenye ukosi na mikononi. Lakini lirahisishe: mstari mwembamba kuliko milimita 1 hufa kwenye uchapaji, na kwenye taraza za mashine mambo ni mabaya zaidi. Aya na majina matukufu usiyaweke kabisa, kwani jezi hutupwa chini, hukanyagwa na huingia nayo mtu msalani. Wala usichukue nembo ya taifa kwa ajili ya biashara. Sheria inataka kibali.

Kitambaa: poliesta ya kufumwa, gramu 140 hadi 160 kwa mita mraba. Nyepesi kuliko hiyo huonyesha mwili ikilowa. Nzito hunasa joto la pwani. Kuna njia mbili za kuchapa, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni sablimesheni: wino hugeuka mvuke kwenye nyuzi joto kama 200 na kuingia ndani ya uzi. Haubanduki, lakini hushika poliesta tu, na kitambaa kiwe cheupe au cha rangi nyepesi. Kwenye pamba wino hufifia ufuaji wa kwanza. Ya pili ni vinili, ile ngozi inayokatwa na kubanwa kwa mashine ya joto, kama nyuzi 150 kwa sekunde 15 kwa vinili ya kawaida. Fuata maagizo ya roli yako.

Kosa linalowaumiza wengi liko hapa. Namba nyeupe ya vinili inabanwa juu ya jezi nyekundu ya poliesta, inatoka safi, na baada ya siku chache imegeuka waridi. Hilo si kosa la sabuni: rangi ya kitambaa imepanda juu kwa joto. Dai vinili ya joto la chini, au yenye tabaka la kuzuia rangi, na ujaribu kwenye kipande siku tatu kabla ya kubana zote.

Mgongo ni wa mchezaji. Namba iwe na urefu wa sentimita 25 hadi 35, na jina juu yake, herufi za sentimita 6. Jezi ikiwa na mistari, acha mraba mtupu nyuma, la sivyo namba 1, 4 na 7 zitamezwa. Kombe la Dunia lilianza kuwa na majina mgongoni mwaka 1994 tu, na tangu hapo nchi zenye majina yanayojirudia zimejifunza ujanja. Korea Kusini, ambako Kim na Lee wamejaa, wameandika herufi za mwanzo pembeni ya jina. Kikosi cha Amu hakikosi Mohamed watatu na Omar wawili, kwa hiyo tumia jina la babu au lakabu. Abdulrahman ana herufi 11, na mgongo wa jezi ndogo hauna zaidi ya sentimita 30 za kuandikia, lakabu itamwokoa. Sharti moja tu: iwe lakabu ambayo mama yake akiisoma akiwa ukingoni hatainamisha uso.

Kwa timu ya wasichana, hijabu ni sehemu ya jezi. Sheria za mchezo zinairuhusu tangu 2014: iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, ya wote rangi moja, isishonwe na jezi, isiwe na pini wala ncha inayoning'inia. Nouhaila Benzina wa Morocco aliivaa Kombe la Dunia la 2023. Mikono ya fulana ya ndani ifuate rangi ya mkono wa jezi. Agiza vyote kwenye roli moja la kitambaa, kwani nyekundu ya roli la pili haiwi ile ile.

Agiza jezi 22 kwa kikosi cha 20: mbili za saizi kubwa bila jina, kwa ajili ya atakayechanikiwa. Pima kila mchezaji kifua, ongeza sentimita 10 za nafasi. Zikitoka Mombasa, ziwekwe karatasi kati ya mikunjo na mfuko wa plastiki juu, kwa sababu joto la gari hugandisha vinili kwa vinili, na boti ya kuvukia kutoka Mokowe, upande wa bara, hurusha maji. Zisifuliwe kabla ya saa 24 kupita tangu namba zibanwe. Baada ya hapo geuza ndani nje, maji baridi, bila kuloweka usiku kucha, na uanike kivulini. Pasi isipite juu ya namba.