Una mimba na mbwa au paka wako amebadilika? Hivi ndo utamsoma na kumwandaa

Wiki ya sita ya mimba yangu ya kwanza, mbwa wetu Popi alianza kulala mlangoni mwa bafu. Sio sebuleni alikozoea, pale pale mlangoni, kidevu juu ya miguu ya mbele, na kila nikiinama kutapika namsikia anasogea mpaka pua yake ya baridi inanigusa kisigino. Nikinyanyuka ananinusa magoti, afu mikono, afu tumbo, taratibu bila haraka, kisha ananifuata mpaka kitandani. Mume wangu akadhani mbwa anaumwa. Mimi nikadhani ana njaa. Paka naye ambaye siku zote alikuwa hana habari na mtu akaanza kunilalia tumboni kila nikijinyoosha kwenye kochi.

Naandika hii maana naona wengi wakifika hapo wanaogopa, wengine wanamfungia mbwa nje miezi yote tisa, wengine wanamtoa paka waliyeishi naye miaka na miaka, na mara nyingi wala haikuwa lazima. Mnyama hajaingiwa na kitu na wala hamchukii mtoto ambaye hata hajazaliwa. Anakusoma wewe. Mwili wako umebadilika na ratiba yako imebadilika, na yeye maisha yake yote yanategemea hivyo viwili.

Anasoma nini hasa

Kwanza pua. Mbwa anaweza kuwa na vipokezi vya harufu mpaka milioni 300, sisi binadamu tuna kama milioni 6 hivi, na juu ya kaakaa ana kiungo kingine cha kunasa harufu kinaitwa kiungo cha Jacobson. Paka anacho pia, ndo maana unamkuta amenusa nguo yako afu anabaki mdomo wazi kidogo kama ameduwaa, hapo anaivuta ile harufu kuipeleka kwenye hicho kiungo. Sasa wewe ukishika mimba homoni zinapanda, projesteroni, estrojeni, hCG, jasho linaongezeka, halafu kichefuchefu kimekufanya uache pafyumu na ubadilishe sabuni. Kwako ni vitu vidogo. Kwake harufu ya nyumba nzima imebadilika.

Pili mwili wenyewe. Joto linapanda kidogo miezi ya mwanzo na paka anapenda joto, moyo unadunda haraka kuliko zamani, viungo vinalegea, na mimba ikikua unatembea tofauti, unakaa kwa kujishika, unainuka kwa kusukuma kiti. Mbwa amekaa miaka anakuangalia unavyotembea, hawezi kukosa kuona hilo. Tatu, na hapa ndo watu wengi wanapasahau, ni ratiba: unalala mchana, matembezi ya jioni yamekatika, unalia bila sababu, vyombo vya chumba cha pili vinatolewa na kuingia vingine vinavyonuka rangi mpya.

Ila mbwa sio kipimo cha mimba. Kama siku zako zimechelewa na mbwa anakunusanusa, kapime mkojo, kile kipimo kinatafuta homoni ya hCG na hakibahatishi kama sisi tunavyobahatisha kwa mbwa.

Anza na daftari, siku saba tu

Kabla hujafanya chochote andika. Amefanya nini, saa ngapi, nani alikuwepo, na nini kilitokea dakika chache kabla. Mimi Popi alikuwa anabweka sana jioni nikaona kabisa mbwa amekuwa mkorofi kwa sababu ya mimba, kumbe nilipoandika siku nne tu nikaona ni saa ile ile kila siku, kama saa kumi na moja, na ndo saa niliyokuwa namtoa matembezi kabla kichefuchefu hakijaniangusha. Mume wangu akaanza kumtoa yeye muda huo na kelele zikaisha ndani ya wiki. Bila daftari ningekuwa bado namfokea.

Kukufuata chumba kwa chumba, kukuegemea, kulala karibu, kukunusa, hayo yote mwache, hana kosa. Paka kulala tumboni hakumuumizi mtoto, mfuko wa uzazi na maji yaliyomo vinamlinda, ukichoka na uzito wake mhamishie pembeni kwa upole basi. Mbwa mkubwa kukurukia ni kesi nyingine kabisa, hasa tumbo likishakuwa kubwa. Umegongwa kwa nguvu tumboni au umeanguka kwa sababu amekuvuta, nenda ukaangaliwe siku hiyo hiyo hata kama huumwi, na ukiona damu, maji yanatoka, tumbo linabana au mtoto amepunguza kucheza usisubiri kabisa.

Halafu sio kila badiliko ni la mimba yako. Hii naisisitiza maana inaua wanyama. Paka dume anayeingia na kutoka kwenye trei ya mchanga, ile anayojisaidia ndani, anajikamua na mkojo hautoki, hiyo ni dharura ya saa chache, njia imeziba, mkimbize kwa daktari wa mifugo, usikae ukasema ana wivu. Mbwa aliyegoma kula, anayetetemeka, aliyebadilika ghafla akawa mkali ukimgusa sehemu moja, huyo huenda ana maumivu. Na mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi anaweza kuvimba chuchu, akatoa maziwa, akabeba midoli na kuilalia kama watoto, watu wakasema mbwa kabeba mimba pamoja na mwenye mbwa! Hapana, hiyo ni mimba ya uongo, inatokana na homoni zake mwenyewe, huja wiki kama 6 mpaka 12 baada ya kipindi chake cha kutaka dume kupita na kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya wiki chache. Usimkamue chuchu, ukimkamua maziwa yanazidi. Ila kama anakunywa maji mengi kuliko kawaida, amepooza na anatokwa na uchafu huko nyuma, huyo apelekwe haraka, inaweza kuwa usaha kwenye kizazi.

Akianza kukulinda

Hili ndo gumu na ndo nilipokosea mwenyewe. Mwezi wa tano wa mimba Popi alikuwa amelala miguuni kwangu kwenye kochi, mume wangu akaja kukaa, na Popi akamngurumia. Nikampiga kofi la mgongo. Wiki nzima hakunguruma tena nikafurahi, mpaka siku moja akamrukia mgeni bila sauti yoyote. Hakumng'ata, lakini nilielewa nilichofanya: kunguruma ni onyo, ukimwadhibu kwa onyo unamfundisha aruke onyo aende moja kwa moja kwenye meno.

Kwa hiyo jifunze kuona dalili zinazokuja kabla ya mngurumo. Mwili unakakamaa, anaacha kuhema mdomo wazi, anakodoa mpaka weupe wa jicho unaonekana pembeni, analamba midomo wakati hakuna chakula. Ukiona hivyo usimvute kwa ukanda wa shingo, inuka wewe uondoke, au mwite ashuke na akishuka mpe kitu anachokipenda. Kochi na kitanda viwe vya kukaribishwa, hapandi mpaka aambiwe, na kila mtu ndani ya nyumba afuate sheria hiyo hiyo, ukiwa unaruhusu leo na kesho unakataza unamchanganya tu.

Halafu yule anayengurumiwa ndo awe mleta mazuri. Sisi tulifanya hivi: mimi nimekaa na Popi, mume wangu anatokea mlangoni, mbali kabisa ambapo mbwa bado ametulia, anamtupia kipande kidogo cha nyama anaondoka. Mara tano sita, basi, mpaka kesho. Siku zinazofuata anasogea hatua moja, akimwona mbwa amekakamaa anarudi nyuma alipokuwa. Ilituchukua kama wiki tatu mpaka akawa anamwona mume wangu anakuja anatingisha mkia. Kama mbwa ameshang'ata mtu au amejaribu, usifanye mwenyewe haya, watenganishe kwanza na utafute daktari wa mifugo na mwalimu wa mbwa anayefundisha bila kipigo. Na wewe uking'atwa au ukikwaruzwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 afu hospitali, chanjo ya kichaa cha mbwa mjamzito anachomwa na ni salama.

Paka na mchanga wake

Utaambiwa na kila mtu umtoe paka kwa sababu ya toksoplasmosisi. Ugonjwa upo kweli na unaweza kumdhuru mtoto tumboni, ila elewa unavyopita. Vijidudu vinatoka kwenye kinyesi cha paka, na kwa kawaida paka anavitoa wiki 1 mpaka 3 tu pale anapoambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi kinahitaji siku 1 mpaka 5 nje ndo kiweze kuambukiza. Maana yake trei ikisafishwa kila siku hatari inashuka sana. Bora mtu mwingine aisafishe, kama huna mtu vaa glavu, usitimue vumbi la mchanga, na nawa kwa sabuni. Paka asile nyama mbichi, asitoke kuwinda panya na ndege, na usichukue paka mpya au kitoto cha mtaani kipindi hiki. Wengi tena wanaupata kwenye nyama ambayo haijaiva vizuri, mboga ambazo hazijaoshwa na udongo wa bustani, kwa hiyo ukimfukuza paka ukaendelea kuonja nyama nusu mbichi hujafanya kitu. Kliniki waulize kuhusu kipimo cha damu kujua kama ulishawahi kuupata.

Paka akianza kukojoa nje ya trei, hasa kwenye nguo zako au vitu vya mtoto, na daktari amesema haumwi, angalia kama umeihamisha trei yake kupisha chumba cha mtoto. Irudishe sehemu tulivu, na idadi ya trei iwe idadi ya paka kuongeza moja. Mpe pia sehemu ya juu ya kupanda, kabati au shelfu, paka akiwa na mahali pa kuangalia mambo kutoka juu anatulia haraka.

Wanyama wengine kwa kifupi: hamsta na panya wa kufugwa wanaweza kubeba virusi hatari kwa mimba kwa hiyo wahudumiwe na mwingine chumba kingine, kobe na mijusi wanabeba vijidudu vya salmonela, na kizimba cha kasuku usikisafishe wewe.

Kumwandaa, anza mapema

Mwezi wa nne au wa tano wa mimba ni muda mzuri maana nguvu bado unazo. La kwanza kabisa ni miguu minne chini. Unaingia nyumbani, akiruka unageuka mgongo kimya, akitua tu unamsifia na kumpa kitu, na kila anayeingia afanye hivyo hivyo. La pili kutembea bila kuvuta kamba. La tatu, na kwangu ndo lililonisaidia kuliko yote, mkeka wake. Weka mkeka kona moja, akiukanyaga anapewa, akilala anapewa zaidi, ongeza sekunde kidogo kidogo mpaka aweze kukaa pale robo saa wewe ukifanya mengine. Siku utakayokuwa unanyonyesha utaelewa kwa nini.

Mwezi wa saba anza kuhamisha kazi. Kama ni wewe tu unayemlisha na kumtoa, mwenzako achukue nusu afu zote, ili mtoto akija mbwa asione amepokonywa vyote siku moja. Kitanda cha mtoto na kigeti cha mlangoni viweke mapema, paka akipanda kitandani mtoe kila mara bila kumfokea na mlango ufungwe. Pakua sauti za mtoto analia kwenye simu, zicheze chini sana wakati wa kula, ongeza sauti siku hadi siku, na akiacha kula au akilaza masikio ujue umeenda haraka, punguza. Chanjo, dawa za minyoo na za kupe na viroboto vimalizike kabla ya mwezi wa nane, na kucha zikatwe.

Panga pia nani atakaa naye ukiitwa na uchungu usiku, mwachie funguo na namba ya daktari wa mifugo.

Sisi mume wangu alirudi nyumbani kabla yangu na kikofia alichovaa mtoto, akakishika mkononi, Popi akakinusa mwenyewe kwa umbali wake, akapewa nyama. Kesho yake mimi niliingia mikono mitupu nikamsalimia kwanza maana alinikosa siku mbili, mtoto akaingia baadaye akiwa amebebwa na baba yake, Popi yuko kwenye kamba. Alinusa miguu tu, sekunde mbili tatu, tukamwita akaja tukampa. Uso wa mtoto hatukumruhusu, na mpaka leo hatujawahi kuwaacha wawili peke yao hata dakika ya kwenda kufungua mlango, mmoja kati yao anatoka na mimi.