Namna ya Kutenganisha Data za Moto na Data za Baridi Kwenye Diski za SSD

Diski moja ya SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu bila sehemu inayozunguka, huhifadhi data za aina mbili zisizopatana. Zipo data za moto, zinazoandikwa na kubadilishwa kila saa, kama vile hifadhidata ya mauzo, logi za seva na kashe ya kivinjari. Na zipo data za baridi, kama vile picha za miaka iliyopita, video na hati zilizoskaniwa, ambazo zikishaandikwa huweza kukaa mwaka mzima bila kufunguliwa. Mwongozo huu unahusu seva ndogo ya Linux yenye SSD moja na diski kuu ya kawaida inayozunguka.

Kabla ya kuhamisha chochote, ni lazima kuelewa kinachotokea ndani ya SSD. Data huandikwa ukurasa kwa ukurasa, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo, lakini hufutwa kwa kitalu kizima chenye mamia ya kurasa, na kila ufutaji huzichakaza kidogo seli, yaani chembe zinazoshika data. Chukua kitalu chenye kurasa 256, ambamo kurasa 200 zina picha na kurasa 56 zina rekodi za hifadhidata. Rekodi zinapobadilishwa, toleo jipya huandikwa mahali pengine, na kurasa zile 56 hubaki na data mfu. Ili nafasi hiyo itumike tena, kidhibiti cha diski hakina budi kwanza kuzinakili picha zote 200 kwenye kitalu kingine, ndipo kifute. Kwa hiyo, ili kupata nafasi ya kurasa 56, diski imeandika jumla ya kurasa 256 (200 zilizonakiliwa na 56 mpya), yaani zaidi ya mara nne ya kazi uliyoiomba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imetokana na picha ambazo hakuna aliyezigusa. Lau kitalu kizima kingekuwa cha data za moto, kurasa zake zingekufa karibu kwa pamoja, na kingefutwa bila kunakili chochote.

Wapo wanaoshauri SSD igawanywe katika patisheni (sehemu) mbili, moja ya moto na nyingine ya baridi. Ushauri huo hauna faida kubwa, kwa sababu mipaka ya patisheni inajulikana na mfumo endeshi tu. Kidhibiti ndicho kinachoamua ukurasa upi ukae katika kitalu kipi, nacho kwa kawaida hakizijali patisheni. Kinachosaidia kweli ni kuziondoa data za baridi kwenye SSD hiyo na kuacha nafasi ya kutosha.

Anza kwa kupima. Siku ya kazi, endesha amri ya iotop -ao kwa saa moja au mbili, na utaona ni programu zipi zinazoandika zaidi. Kisha, kwa SSD ya NVMe (aina inayounganishwa kwa njia ya kasi ya PCIe), endesha smartctl -a asubuhi na jioni, usome mstari wa Data Units Written. Zidisha tofauti ya namba hizo mbili kwa 512,000, upate idadi ya baiti ambazo kompyuta imeandika siku hiyo. Mara nyingi mhusika mkuu ni logi ambayo mtu aliifungua ili kutafuta hitilafu, kisha akasahau kuizima. Logi ya namna hiyo ipunguzwe kwanza, kwa kuwa hakuna mpangilio wowote unaoshinda kutoandika kabisa.

Data za baridi hutafutwa kwa tarehe ya mwisho ya kusomwa. Amri ya find /srv -type f -size +50M -atime +180 huorodhesha mafaili makubwa ambayo hayajasomwa kwa zaidi ya siku 180. Kwa sababu hiyo sipendekezi chaguo la noatime, ambalo huzuia tarehe ya kusomwa isiandikwe na husifiwa sana kwa kuokoa SSD: tangu Linux 2.6.30 ya mwaka 2009, relatime ndiyo chaguo la kawaida, nayo huandika tarehe hiyo kwa uchache tu, ilhali ukiiondoa kabisa unapoteza kipimo chako cha kujua kipi kimepoa. Angalia pia kama programu ya nakala rudufu huyasoma mafaili yote kila usiku. Ikiwa hivyo, tumia -mtime, inayofuata tarehe ya mabadiliko.

Hamisha mafaili hayo kwenye diski kuu kwa rsync -a, linganisha nakala na asili kwa sha256sum, ndipo ufute. Baada ya kufuta, endesha fstrim -av ili SSD iambiwe kurasa zipi hazina kazi tena. Bila taarifa hiyo itaendelea kuzinakili kana kwamba ni hai. Kuanzia hapo washa fstrim.timer, ambayo hufanya kazi hiyo kila wiki, na jitahidi asilimia 15 hadi 20 ya diski ibaki wazi.

Zaidi ya hayo, SSD iliyozimwa na kufungiwa kabatini si mahali pa data za baridi. Seli huhifadhi data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole, haraka zaidi kwenye joto. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya semikonda, kwa SSD za matumizi ya kawaida ambazo zimefikia mwisho wa uimara wake ni mwaka 1 bila umeme kwa nyuzi 30 za Selsiasi, na chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam mwezi wa Februari hupita joto hilo kwa urahisi. Hata SSD iliyowashwa huweza kuathirika: mwaka 2014 watumiaji wa Samsung 840 EVO waligundua kuwa mafaili ya zamani yanasomeka polepole mno, na mwaka 2015 kampuni ikatoa programu iliyoifanya diski iandike upya data za zamani mara kwa mara. Basi nakala ya kudumu iwekwe kwenye diski kuu mbili zinazokaa mahali tofauti, na kama huna budi kutumia SSD, iunganishe kila baada ya miezi michache na uyasome mafaili yote kwa sha256sum -c, si kuiwasha tu.