Ukipima udongo kwa chupa, angalia joto la maji

Wengi tunajua kipimo cha udongo kwa chupa, cha kuona mchanga, tope na mfinyanzi ni kiasi gani: unatia udongo, maji na kijiko cha sabuni ya kuoshea vyombo, unatikisa kwa nguvu, unaacha utuame. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kusoma matabaka kwa kukisia. Tumia saa.

Kasi ya chembe kuzama hufuata mraba wa kipenyo chake. Katika maji ya nyuzi 20, chembe ya milimita 0.05, yaani mchanga mwembamba kabisa, hushuka sentimita 10 kwa sekunde 45 hivi. Ya udongo wa mfinyanzi, milimita 0.002, huchukua karibu saa 8. Kwa hiyo weka alama ya kwanza, ya kimo cha mchanga, kwa kalamu mapema sana, kabla dakika haijaisha, na usiiguse chupa tena.

Sasa joto. Maji ya nyuzi 30 yana mnato mdogo zaidi, na chembe huzama kwa kasi iliyozidi kwa karibu robo. Ukipima asubuhi ya baridi na mchana wa jua, utapata udongo wa aina mbili kutoka shimo moja! Sabuni nayo usiiache: bila hiyo mfinyanzi hugandamana, ukashuka haraka kama tope.

Kanuni hii ya kuzama haiishii kwenye udongo. Molekuli za polima, yaani minyororo mirefu kama ya protini, ni ndogo mno, hazitulii chini kwa uzito wake. Theodor Svedberg, Msweden aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1926, alizizungusha kwa mashine ya kasi kubwa mpaka zikashuka, akapima uzito wake kwa kanuni hiyohiyo.