Anza na amri, zaburi baadaye: namna ya kusoma maandiko ya dini yako kuhusu ardhi na viumbe

Mwombe mtu wa dini yoyote akuonyeshe maandiko yake yanasema nini kuhusu mazingira, na mara nyingi atakufungulia wimbo. Mkristo atakwenda Zaburi ya 104. Mwislamu atakusomea aya za nyuki na mvua. Ni maneno mazuri, lakini kila mtu anayakubali na hakuna anayebadilika. Mkishamaliza kusoma, bomba la uani linaendelea kuvuja.

Mimi huongoza kikundi cha watu wazima wa dini mchanganyiko, tunasoma maandiko na kubishana. Siku hizi naanza na amri. Amri inamtaka mtu afanye jambo au aache jambo, kwa hiyo hakuna anayesinzia. Ukitaka kuendesha somo la namna hii, au kulifanya peke yako nyumbani, hivi ndivyo ninavyokwenda.

Chukua daftari na uandike maswali matatu: Nani anaamriwa? Kiumbe gani kinalindwa? Nani anaingia hasara amri ikifuatwa? Swali la tatu ndilo lenye kazi, usilikubalie jibu la haraka haraka.

Anza na amri ndogo kabisa, ya Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Umekuta kiota njiani, mama ameatamia. Makinda au mayai unaruhusiwa kuchukua, ila mama mwache aende zake. Waache watu washangae kwamba sheria nzito ya Musa imepata nafasi ya kumzungumzia ndege mmoja juu ya mti. Kisha waonyeshe ahadi iliyofungwa kwenye amri hiyo: heri na siku nyingi. Wapeleke sura ya 5, mstari wa 16, kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama, wasome ahadi iliyopo pale. Ni ileile. Hapo huwa sisemi neno kwa muda, nawaacha wafunue kurasa mbele na nyuma wahakikishe wenyewe.

Ukiwa bado kwenye kitabu hicho, pitia 20:19, inayowakataza askari waliouzingira mji kukata miti ya matunda. Halafu nenda kwenye mwaka wa saba. Kitabu cha Kutoka, 23:11, kinasema shamba liachwe, maskini wale, na watakachobakisha kiwe cha wanyama wa mwituni. Mzee mmoja kwenye kikundi chetu, mhasibu mstaafu, aliuliza kwa kejeli, "Sasa mwalimu, mwaka huo na mkopeshaji naye anapumzika?" Nikamwomba atusomee Kumbukumbu la Torati 15 kwa sauti. Anapumzika, ndiyo: madeni nayo yanaachiliwa mwaka wa saba. Anayeuliza habari za hasara asikatizwe, mara nyingi ndiye aliyeisoma amri kuliko wenzake.

Kwa Waislamu, mfano ninaoupenda ni wa hima, yaani malisho yaliyotengwa na kulindwa. Katika Sahihi Bukhari, mkusanyiko mashuhuri wa hadithi, imo habari ya Khalifa Omar alipomweka mtu aitwaye Hunay kusimamia hima. Alimwagiza awaruhusu waingie wenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na ya Ibn Affan. Hao walikuwa matajiri, na ni masahaba wakubwa! Sababu aliyoitoa ni kwamba mifugo ya matajiri hao ikifa, wana mashamba na mitende ya kurudia. Mnyonge mifugo yake ikifa, atamjia khalifa na watoto wake akiomba msaada. Jibu maswali yako matatu hapo uone. Majani yanalindwa, lakini mlango haufungwi kwa wote sawasawa. Mipango mingi ya uhifadhi ya leo haijafika hapo, kwa maoni yangu.

Ukiwa na Mbudha kundini, mwombe aeleze chanzo cha watawa kutulia mahali pamoja miezi mitatu ya mvua. Vinaya, sheria ya watawa, inasimulia kwamba watu walilalamika: watawa wanatembea msimu wa mvua wakikanyaga mimea michanga na kuua vijidudu. Buddha akaweka kanuni. Amri hiyo ilitokana na malalamiko ya watu wa kawaida, jambo la kukumbuka wakati viongozi wa dini wanapodhani kila kitu kinaanzia kwao.

Zipo dini ambazo hazikuandika kitabu, na huko amri imekaa mahali penyewe. Misitu ya Kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, imebaki kwa sababu ya miiko iliyolindwa na wazee. Hapo maswali ni yaleyale, ila kitabu chako ni mzee mwenye mahali. Mfuate kwa adabu, uliza kinachokatazwa kabla ya kuuliza maana yake, na akikwambia hapa hapaingiwi, basi.

Usiziruke aya ngumu. Mwanzo 1:28 inamwambia binadamu aitiishe nchi na atawale. Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White aliandika katika jarida la Science kwamba Ukristo wa Magharibi unabeba sehemu kubwa ya lawama ya uharibifu wa mazingira, na aya hiyo imekuwa kizimbani tangu hapo. Wengi hukimbilia Mwanzo 2:15, "ailime na kuitunza", wakadhani kesi imekwisha. Mimi siwaruhusu kuikimbia hivyo. Zisomwe zote mbili, na watu waseme wazi ni ipi imewaongoza maishani. Majibu huwa ya kweli kuliko mahubiri.

Sasa tokeni nje. Somo hili likibaki ndani ya chumba litarudi kuwa wimbo.

Kipimo ninachopendekeza ni maji ya wudhu, kwa kuwa kina namba yake. Bukhari amepokea kutoka kwa Anas, sahaba wa Mtume, kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kinachokadiriwa kwa viganja viwili vya mtu wa kadiri, hakifiki hata lita. (Ile hadithi mashuhuri ya kukataza israfu, yaani ufujaji, hata ukiwa kando ya mto unaotiririka, wapo wanazuoni walioidhoofisha isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwa hiyo mimi hushika hii ya mudi.) Mtafute mtu atawadhe juu ya beseni, bomba likiwa wazi kama alivyozoea, kisha mpime kilichoingia kwa chupa ya lita moja. Angalieni hasa dakika anapopaka kichwa: mikono iko juu ya nywele, maji yanamwagika bila kumgusa kiungo chochote. Baadaye arudie kwa birika.

Wakristo wasikae pembeni wakicheka. Wao waende uani baada ya ibada wakahesabu vikombe vya plastiki vilivyotupwa, au waulize ule mti uliokatwa kupanua maegesho uliamuliwa na nani, na kama kuna aliyepinga.

Mwisho andikeni kanuni yenu, moja tu, yenye sura ya zile mlizosoma: anayeamriwa, kinacholindwa, anayepata hasara. "Tuyatunze mazingira" hairuhusiwi. "Anayetawadha afunge bomba anapopaka kichwa, na msimamizi wa zamu amkumbushe, hata akiwa imamu" inafaa. "Kamati ya jengo isikate mti kabla ya kuwatangazia waumini Jumapili mbili mfululizo" nayo inafaa, na kwenye safu ya hasara kamati itajiandika yenyewe. Msipigie kura siku hiyohiyo. Watu wakiwa wamechangamka hukubali mambo ambayo hawatayafanya. Ibandikeni kanuni karibu na bomba au mlangoni, mteue mtu wa kuitazama, na mkikutana tena yeye ndiye awe wa kwanza kuzungumza, kabla Biblia au Msahafu haujafunguliwa.