Jinsi ya Kupima Namna Miti Inavyopoza Hewa

Mti hupoza mahali ulipo kwa njia mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: hukinga ardhi na jua, na hutoa mvuke wa maji kupitia vitundu vidogo vya majani yake. Njia ya pili haionekani, lakini nguvu yake ni kubwa, kwa kuwa kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huhitaji joto karibu mara saba ya lile linalohitajika kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi, na joto hilo huondoka na mvuke badala ya kuipasha hewa ya hapo.

Ili kuuona mvuke huo, asubuhi ya jua kali funika tawi lenye majani mabichi kwa mfuko wa nailoni unaoonyesha, ukaze mdomo wake kwa uzi, na kufikia mchana utakuta matone ya maji ndani yake.

Kupima joto kunadai uangalifu zaidi. Tafuta vipimajoto vitatu na uviweke kwanza mahali pamoja kwa saa moja, ili ujue kama kuna kinachozidisha au kupunguza. Kisha ning'iniza kimoja chini ya mwembe wenye majani mengi, kingine chini ya turubai, na cha tatu kwenye uwanja mtupu, vyote mita 1.5 kutoka ardhini na vyote ndani ya vikasha vyeupe vinavyopitisha upepo, kwa sababu kipimajoto kinachopigwa na jua hujipima chenyewe, si hewa. Visome alfajiri, saa nane mchana na saa mbili usiku. Turubai lina umuhimu wake: hutoa kivuli bila kutoa mvuke, hivyo pale mwembe unapolishinda ndipo kazi ya majani hujitokeza. Tofauti ikiwa ndogo usivunjike moyo, maana upepo huichanganya hewa. Weka kiganja kwenye udongo wa kila mahali mchana, nawe utaihisi tofauti hiyo. Usiku matokeo yaweza kugeuka, kwani majani huzuia joto la ardhi lisipotee haraka angani.

Vipimo hivi havithibitishi kwamba mti mmoja huleta mvua. Mvua hutegemea pia bahari, milima na pepo za msimu, na mchango wa mimea huwa mkubwa pale msitu unapoenea eneo pana. Hata hivyo, anayeishi karibu na misitu ya Usambara anaweza kutega makopo mawili siku ya ukungu usio na mvua, moja chini ya miti na jingine mahali pa wazi, kisha alinganishe maji yaliyodondoka, ili aone namna majani yanavyonasa matone ya ukungu.